Maabara ya Pamoja ya Jenomu Chuoni: Anza na Foleni, Mashine Baadaye

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikipita kando ya kreti la mbao kwenye korido ya chuo kimoja. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kusoma vinasaba, mpya, iliyolipiwa na mradi ambao tayari ulishafungwa. Chumba chake hakikuwa kimekamilika. Kiyoyozi kilikuwa bado kwenye zabuni. Mtaalamu aliyepelekwa nje kujifunza kuiendesha alipata kazi hukohuko. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja tangu mzigo uliposhushwa, kwa hiyo siku kreti lilipofunguliwa, waranti ilikuwa na miezi miwili kaburini. Wanafunzi walikwisha kulizoea. Walikuwa wakiweka mabegi yao juu yake.

Kama umepokea barua kutoka ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo kwamba wewe ndiye mratibu wa kuanzisha maabara ya pamoja ya jenomu, hongera, na pole. Nimeandika haya ili kreti la namna ile lisipate nafasi kwenye korido yako.

Jenomu ni jumla ya vinasaba vya kiumbe, na kuisoma ni kuzitambua herufi zake kwa mpangilio wake. Kirusi cha UVIKO-19 kina herufi 30,000 hivi. Bakteria wa kifua kikuu ana milioni 4.4. Binadamu ana karibu bilioni 3.1. Zishike namba hizi, tutazihitaji. Lakini katika jina la maabara yako, neno zito ni "pamoja". Mfano wake upo karibu kila kijiji: mashine ya kusaga. Haikuwekwa pale kwa sababu mwenyewe ana mahindi mengi. Ipo kwa sababu kaya mia mbili zina ndoo moja moja, na mwenye mashine anajua bei ya dizeli, anajua mkanda hukatika lini, na hamruhusu shemeji yake kumpita mama aliyefika alfajiri.

Hesabu foleni kwanza

Chukua daftari upite mlango kwa mlango. Dodoso la mtandaoni litakudanganya, maana kwenye dodoso kila mtu anahitaji jenomu. Mtu akiwa ameketi mbele yako, muulize: Una sampuli ngapi kwenye friza leo, si zile utakazokusanya mwakani? Ni za kiumbe gani? Fedha ya kuzisoma iko kwenye mradi gani, na mradi unafungwa lini? Mwaka jana ulizipeleka wapi, ukalipa kiasi gani, majibu yakachukua muda gani? Na majibu yakija, nani atayachambua?

Swali la nne ndilo lenye mali. Watafiti wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kupeleka sampuli Nairobi, Pretoria au Seoul. Hao wamekwisha kutoa fedha mfukoni, na hao ndio foleni yako. Wengine wote ni wasikilizaji wazuri. Usijifungie kwenye kitivo chako tu: watu wa muhogo, wa mifugo, wa samaki, wa kupe na wa mbu wanaweza kuwa na sampuli nyingi kuliko kitivo cha tiba, na zao mara nyingi hazina mlolongo mrefu wa ridhaa za wagonjwa.

Baada ya hapo jiulize swali gumu: kwa nini mtu huyu aache kupeleka Seoul aje kwako? Kwa bei ya sampuli moja moja huenda usiwashinde, maana viwanda vile vinasoma maelfu kwa siku. Utawashinda kwa mambo mengine. Mwanafunzi wa uzamivu atasimama kando ya mashine na kujifunza. Sampuli haitakaa siku nne kwenye ghala la uwanja wa ndege huku barafu kavu ikigeuka hewa. Sampuli za binadamu hazitahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Na ugonjwa ukizuka, hutasubiri ndege. Mwaka 2020, wanasayansi wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walianza kusoma jenomu za kirusi cha UVIKO-19 mapema kwa sababu kazi ya aina hiyo walikwisha kuizoea kwa miaka, wakisoma virusi vingine vya njia ya hewa kama RSV. Mikono ilikuwa imezoea kabla janga halijagonga mlango.

Mfano mwingine wa kuusoma kwa makini ni kituo cha sayansi za viumbe cha BecA kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, Nairobi, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2010. Kilijengwa ili mtafiti wa nchi jirani asiye na mashine kwake aje na sampuli zake, akae wiki au miezi, afanye kazi mwenyewe akisaidiwa na wataalamu wa pale, arudi na majibu pamoja na ujuzi. Kabla hujachora ramani ya jengo lako, panda basi uende ukakae pale siku tatu. Usimhoji mkurugenzi peke yake. Kaa na wanaopokea sampuli.

Mashine ichaguliwe na sampuli

Foleni ikishajulikana, kuchagua mashine kunakuwa hesabu ya darasa la saba. Tuseme daktari wa kifua kikuu ana sampuli 48. Kila jenomu ni herufi milioni 4.4, na kwa kuwa mashine hukosea hapa na pale, kila herufi inabidi isomwe mara nyingi. Tuseme mara 50. Zidisha: 48 kwa milioni 4.4 kwa 50 ni kama herufi bilioni 10.6. Mashine ya mezani kama MiSeq ya Illumina, ikitumia kasha lake kubwa la vitendanishi, hutoa hadi bilioni 15 kwa mzunguko mmoja wa saa 56 hivi. Kazi imeingia, na nafasi imebaki. Sasa jaribu binadamu mmoja kwa mara 30: ni bilioni 93. Mzunguko ule haufiki hata robo ya mtu mmoja. Kwa hiyo mkuu wa kitengo akikwambia anataka "mashine ya jenomu za binadamu", mwonyeshe hesabu hii kabla hajaonyeshwa picha na mfanyabiashara.

Wala usidharau mashine ndogo. MinION ya Oxford Nanopore inaingia mfukoni. Wanasayansi wa mradi wa virusi vya muhogo, Tanzania ikiwamo kupitia kituo cha utafiti cha Mikocheni, waliipeleka hadi mashambani Tanzania, Kenya na Uganda, wakampa mkulima jina la kirusi kinachoula muhogo wake ndani ya saa chache, palepale shambani. Vyuo vingi vingefanya vizuri kuanza na mbili za aina hiyo kwa mwaka mzima, vikijifunza kupokea sampuli, kutoza na kuchambua, kabla ya kununua kubwa. Sisemi hivi kwa sababu ya umaskini. Nasema kwa sababu kosa kwenye mashine ndogo unaliita somo, na kosa lilelile kwenye mashine kubwa litakuletea mkaguzi wa hesabu.

Tena mashine huzeeka ghafla. Roche 454 ilikuwa fahari ya maabara nyingi duniani. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza kuiachisha kazi, na kufikia 2016 ikawa imekwisha. Aliyekuwa na 454 nzima kabisa, haijakwaruzwa, alibaki na kabati. Kwenye mkataba dai kwa maandishi: vitendanishi vitapatikana hadi mwaka gani, na vipuri je? Uliza pia kama kuna utaratibu wa kuwekewa mashine bila kuinunua, kwa ahadi ya kununua vitendanishi kiasi fulani kila mwaka. Kwa chuo chenye foleni ya uhakika, utaratibu huo unaweza kukuondolea mzigo wote wa bei ya kwanza. Kwa chuo kisicho na foleni, ni kitanzi.

Usisahau vifaa visivyopigwa picha. Bila kipimo cha kupima wingi wa DNA kwa mwanga wa rangi, kama Qubit, na kifaa cha kuonyesha urefu wa vipande vyake, unapakia mashine kwa kubahatisha. Nimeona maandiko ya miradi yenye mashine ya mamia ya milioni, lakini hayana shilingi ya pipeti.

Umeme, hewa na mlango

Saa 56 maana yake siku mbili na zaidi ya mashine kutozimika hata sekunde moja. Jenereta peke yake haitoshi, kwa sababu kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuua mzunguko mzima pamoja na vitendanishi vyake. Unahitaji UPS inayobeba mashine na kompyuta yake kwa dakika zisizopungua thelathini, stebilaiza kwa ajili ya umeme unaopanda na kushuka, halafu jenereta. Na hapa kuna swali ambalo halimo kwenye michoro ya mhandisi: dizeli ananunua nani? Kama jibu ni "idara ya miliki itaangalia", hujapata jibu. Weka fungu la dizeli kwenye bajeti yako, na ufunguo wa tangi uwe kwa mtu anayelala karibu.

Mashine hizi nyingi hutaka chumba cha nyuzi 19 hadi 25. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari hiyo ni kazi, na unyevu wa pwani huongeza tabu kwa kutu na ukungu. Weka viyoyozi viwili vinavyopokezana, kila kimoja kikiwa na nguvu ya kukitosheleza chumba peke yake. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri ziwe chumba kingine. Zinatapika joto kama jiko la mkaa, na ukiziweka pamoja na mashine utakuwa unalipa umeme mara mbili, wa kuwasha moto na wa kuuzima. Kila friza ifungwe kifaa cha kutuma ujumbe kwenye simu joto linapopanda. Simu mbili, si moja. Mmoja atakuwa msibani.

Mpangilio wa vyumba ndio unaoharibika zaidi, kwa kuwa wachoraji hupenda ukumbi mmoja mpana unaopendeza. DNA iliyokwisha kuzidishwa kwa PCR ina mabilioni ya nakala, na tone lake lisiloonekana likirudi kwenye chumba cha sampuli mbichi, kila mgonjwa ataonekana ana ugonjwa wa jana. Chumba cha kuandalia mchanganyiko, chumba cha kutolea DNA na chumba cha baada ya PCR vitenganishwe, kila kimoja na makoti yake na pipeti zake, na mwendo uwe wa kwenda mbele tu. Aliyeingia chumba cha mwisho asubuhi harudi cha kwanza siku hiyo, hata kama ni profesa. Hasa kama ni profesa.

Bei inayoishi

Hapa ndipo maabara za pamoja hufia, kwa kawaida mwaka wa tatu, mfadhili akishaondoka. Tufanye mfano wa kubuni. Mashine imenunuliwa kwa shilingi milioni 300 na unatarajia itumike miaka mitano. Kila mwaka inakula milioni 60 ya thamani yake. Mkataba wa matengenezo mara nyingi huzunguka asilimia 10 ya bei. Weka milioni 30. Kwa hiyo kabla ya kitendanishi chochote na kabla ya mshahara wa mtu, mwaka unaanza na deni la milioni 90.

Ukiendesha mizunguko 100 kwa mwaka, yaani kama miwili kwa wiki, kila mzunguko unabeba laki tisa. Ukiendesha 20, kila mmoja unabeba milioni nne na nusu. Mashine ni ileile na kasha la vitendanishi ni lilelile. Ndiyo maana nilikutuma mlango kwa mlango kwanza.

Watakwambia mashine ni ya msaada, kwa hiyo usihesabu uchakavu. Hesabu. La sivyo, siku itakapokufa utaanza tena kuandika barua za kuomba. Weka bei tatu: ya wanachuo, ya taasisi za umma na ya wengine, na zote tatu zifidie gharama, tofauti iwe kwenye faida tu. Kama chuo kinataka wanafunzi wa uzamili wapate nafuu, chuo kitenge fungu liwalipie. Huruma isiyo na fungu huishia kwenye mfuko wa matengenezo.

Jambo la mwisho la fedha, nalo ni gumu kuliko yote: malipo yaende wapi? Kwenye vyuo vya umma Tanzania mteja hulipa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontrol namba, na fedha huingia akaunti ya chuo. Kuitoa tena ununue vitendanishi ni safari nyingine, inayopita kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST. Kwa hiyo kabla hujafungua mlango, pata uamuzi wa maandishi wa Baraza la Chuo unaosema mapato ya maabara ni fungu lake, asilimia ngapi inabaki chuoni, na nani anasaini. Kwa vitendanishi omba mkataba wa mwaka mzima na mzabuni, uagize kidogo kidogo. Vina tarehe ya mwisho, na shehena ya bei nafuu iliyoharibikia kwenye friza ni ghali kuliko zote.

Mwendesha mashine na mwenye ndoo

Ajiri mtu wa kuchambua majibu kabla ya mtu wa kuendesha mashine. Najua ni kinyume cha mazoea. Kuendesha mashine hufundishwa kwa wiki chache. Kuyageuza mafaili yenye mabilioni ya herufi yawe jibu la swali la kitabibu au la shamba huchukua miaka. Maabara isiyo na mtaalamu wa bioinformatiki inawakabidhi wateja diski, na mteja aliyepewa diski asiyoweza kuisoma harudi.

Meneja awe wa kudumu, mwenye ngazi ya kupanda cheo. Vyuo vyetu vina njia ya mhadhiri kuwa profesa, lakini mtaalamu wa maabara anayefanya mzunguko wa saa 56 bila kosa hupata shukrani mwishoni mwa makala, kama alikumbukwa. Andika kanuni mapema: kazi ya kulipia ya kawaida inastahili kutajwa kwenye shukrani, aliyebuni njia ya utafiti au kutafsiri matokeo ni mwandishi mwenza. Bila kanuni hiyo utawapoteza watu wako kwa mashirika ndani ya miaka miwili, na utakuwa umewafundishia wengine.

Foleni iwe na daftari linaloonekana na kila mtu. Aliyetangulia kuleta sampuli zilizokubalika ndiye wa kwanza. Mlipuko wa ugonjwa peke yake ndio unaovunja utaratibu, tena kwa saini ya kamati. Ijumaa saa kumi na moja jioni atakuja mtu mzito na sampuli zake kwenye boksi la chakula, atasema, "Naomba uniingizie hizi tu, nasafiri Jumatatu." Mwoneshe daftari. Kamati ya watumiaji, yenye wajumbe kutoka vitivo tofauti, ipo hasa ili meneja kijana aweze kusema, "Shikamoo Profesa, kanuni hairuhusu," na alale usingizi.

Na sampuli mbovu zikataliwe mlangoni. Mahindi yenye mchanga hutoa unga wenye mchanga, na mwenye ndoo atalaumu mashine. Andika viwango vya chini vya wingi na usafi wa DNA, pima kila sampuli inapofika, na mteja akisisitiza ziingie hivyohivyo asaini kwamba atalipa hata majibu yasipotoka.

Vibali

Maombi ya vibali yaanze siku moja na michoro ya jengo, maana huchukua muda uleule. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa afya ya binadamu unapitia kamati ya maadili ya NIMR au ya taasisi yako, na kibali cha utafiti kiko COSTECH. Zanzibar ina kamati yake ya maadili ya utafiti wa afya. Wengi husahau Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayohusu ukusanyaji, usafirishaji, uhifadhi na uchambuzi wa sampuli hizo pamoja na utafiti juu yake. Anayeisimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali; nenda kwake mapema, usisubiri barua yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakugusa, kwa kuwa jenomu ni taarifa binafsi isiyoweza kubadilishwa kama nywila. Msomaji wa Kenya atashughulika na NACOSTI na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa mimea, mifugo na vijidudu uliza juu ya Itifaki ya Nagoya ya kugawana manufaa ya rasilimali za vinasaba, ambayo haihusu vinasaba vya binadamu.

Data yenyewe: nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, mteja apewe miezi sita ya kuichukua, kisha uifute ile isiyo na makubaliano ya kuhifadhiwa. Zungumza na TERNET au KENET, mitandao ya vyuo na utafiti ya Tanzania na Kenya, kuhusu uwezo wa mtandao kabla ya kununua seva.

Siku ya utepe

Usimwalike mgeni rasmi hadi wateja watatu wawe wamelipa, wamepokea majibu na mmoja wao amerudi. Ofisi ya uhusiano itakusukuma ufanye mapema; wape tarehe ya mbali na uishike. Siku ikifika, mashine iwe katikati ya kazi ya kweli, na chumba chake kifungwe. Watu arobaini wenye kamera wakiingia, nyuzi zitapanda kupita 25 kabla hotuba ya kwanza haijaisha, na mtu ataegemea meza. Wageni watazame kupitia kioo, kwa hiyo mwambie mchoraji aweke kioo. Utepe ufungwe kwenye mlango wa korido. Mgeni akiomba kubonyeza kitufe, mpe kompyuta ya mapokezi asajili sampuli namba 49, ya daktari wa kifua kikuu, iliyoletwa asubuhi hiyo kwenye boksi lenye barafu.